Chupa Mbili za Mlingoti

Nyumbani, 3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini vumbi la chokaa limekuachia walau tundu moja la pua la kupumulia. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anachomelea mageti ya watu huku geti letu likifungwa kwa kamba, cherehani yangu nimeibadilisha mkanda na sasa inakimbia kuliko mimi, na mpwa wako Mlingoti anazidi kwenda juu. Juzi amegonga paji la uso kwenye fremu ya mlango wa jikoni, akaulaumu mlango.

Nakuandikia kwa jambo la jirani yangu mmoja. Huyu jirani ana mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili. Wahudumu wa afya walikwenda shuleni kwao kuwapima watoto macho, meno, uzito na haja ndogo. Watoto wote wakarudi na karatasi zao safi, isipokuwa huyu. Haja ndogo yake, wamesema, ina protini. Mtoto mwenyewe hana homa wala maumivu, na anaruka kamba mpaka anakera.

Jirani hajaelewa kitu. Protini si ndiyo ile ya mayai na maharage? Imefikaje huko chini? Amekula mayai mengi mno, au hayatoshi yale aliyokula? Nimemwambia asihangaike, nina kaka yangu yuko maabara ya zahanati ya machimbo, kazi yake ni kupima mambo hayo tangu asubuhi mpaka jioni. Nijibu kwa uwazi, usinifiche. Yaani usimfiche jirani.

Barua nampa Dereva wa lori la chokaa, na jibu umpe yeye. Simu ya dukani siitaki. Pale mtu akitaja ugonjwa wake, kabla hajakata simu mtaa mzima umeshamwandikia dawa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Cherehani


Machimboni, 12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Tundu la pua lipo, ila ni moja tu kweli.

Kwanza, uite mkojo mkojo. Mkojo ndio unaonilisha. Ukiuita haja ndogo naona umenishusha cheo.

Sasa mwambie jirani yako hivi. Figo ziko mbili, kila moja kama ngumi ya mwenyewe, zimejificha nyuma chini ya mbavu. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo karibu milioni moja. Vidogo kiasi gani? Mimi huku nina hadubini na bado kimoja kikiwekwa mbele yangu nainama mpaka shingo inauma. Damu yote ya mtu inapita humo mara nyingi kwa siku, inasafishwa, inarudi. Taka na maji ya ziada vinatoka kama mkojo. Protini ni kubwa, haipiti, inabaki kwenye damu kwa sababu mwili unaihitaji. Mayai hayahusiki kabisa, aendelee kuyala. Ikionekana kwenye mkojo, maana yake mahali fulani kichujio kimeiachia.

Asikimbilie kulia. Mtoto mwenye homa huiachia kidogo. Mtoto aliyetoka kukimbia huiachia, na keshokutwa hana. Kwa hiyo kipimo kimoja si hukumu. Kinachotutisha sisi ni protini inayobaki, leo ipo, wiki ijayo ipo, na ikiwa nyingi. Protini ndiyo inayoyashika maji ndani ya mishipa. Ikitoroka nyingi, maji nayo yanatafuta pa kwenda, yanajaa chini ya ngozi, na mtoto anaamka macho yamevimba. Muulize jirani: uso unavimba asubuhi? Miguu je? Mkojo una povu lisiloisha, au rangi ya chai? Presha imepimwa?

Na mwisho, mwambie jirani yako aandike mwenyewe. Mwandiko wake naujua tangu alipokuwa akiandika herufi S kinyumenyume. Mtaa wenu wote una mtoto mmoja tu wa miaka kumi na miwili anayeruka kamba mpaka anakera, na mimi ndimi niliyempa jina la Mlingoti. Mficha maradhi... malizia mwenyewe, mimi sitaki kuyaandika.

Kaka yako


Nyumbani, 24 Februari

Kaka,

Umenikamata. Ndiyo, ni yeye.

Sikuweza kuliandika jina lake karibu na neno figo. Kalamu ilikataa. Wewe unajua kwa nini. Unakumbuka dada yetu watu walivyomsifu? "Msichana amenawiri, tazama mashavu!" Mama akafurahi, akasema chakula kimemkubali, na mimi nikamwonea wivu kwa sababu nilikuwa mwembamba. Kumbe yale mashavu yalikuwa maji. Tukayasifu maji mpaka tukamzika.

Maswali yako: uso hauvimbi. Miguu haivimbi. Povu hakuna, rangi ni ya kawaida, presha nzuri, damu walimtoa wakasema figo zinafanya kazi vizuri. Nilipokuwa nasikia hayo nilishusha pumzi, nikadhani yamekwisha. Lakini protini, kaka, protini ipo. Wamepima tena ipo. Wamepima tena ipo.

Daktari wa watoto ni mwanamama mpole, miwani yake inaning'inia shingoni siku zote na siku zote anaitafuta. Alinieleza taratibu: mtoto akojoe kabla ya kulala, akiamka tu ajaze chupa, tuilete hiyo. Alisema mkojo wa mtu aliyetoka kulala ndio unaosema kweli. Nimefuata neno kwa neno. Kila usiku namuuliza, "Umekwenda?" Ananijibu, "Nimekwenda." Asubuhi chupa naipeleka ikiwa bado ina joto, nimeifunga kwenye kitambaa kama yai. Na wanachovya kile kijiti chao cha kupimia, na kinabadilika kuwa kijani mbele ya macho yangu.

Daktari amesema tukipata hivyo tena mwezi wa nne, atatuandikia twende hospitali kubwa. Huko watamchoma sindano ndefu mgongoni, wanyofoe kipande cha figo wakitazame. Amesema ni kitu kinachofanyika kila siku. Kila siku kwa watoto wa watu wengine.

Baba yake anasema, "Mtoto anakula, anacheka, anatugombeza. Ugonjwa uko wapi?" Kisha anakwenda nje kuchomelea kitu ambacho hakuna aliyekiagiza.

Mlingoti sijamwambia. Anajua ni vipimo vya shule tu. Akilala namfunua shuka nambonyeza vifundo vya miguu, nione kama kidole kinaacha shimo.

Niambie kitu, kaka.

Mdogo wako


Nyumbani, 15 Machi

Kaka,

Dereva amepita mara mbili mikono mitupu. Kimya chako nakisoma, na nakisoma vibaya. Andika hata tusi.

Mdogo wako


Nyumbani, 15 Machi

Kwa Mjomba Mzee wa Vumbi,

Shikamoo mjomba. Hii barua ni ya siri. Dereva nimemwambia aiweke mfuko wa kushoto, ya mama aweke wa kulia, asizichanganye, na asipoangalia nitamwambia mkewe kwamba anavuta sigara. Ameogopa.

Mjomba nina mambo matatu.

La kwanza ni mama. Amekuwa mtu wa ajabu. Asubuhi kabla sijafumbua macho vizuri ameshika kidevu changu ananigeuza kwenye dirisha anitazame. Halafu nikilala ananibonyeza miguu kama anachagua parachichi sokoni. Mimi huwa niko macho ila najifanya nimelala kwa sababu akijua niko macho ataona aibu. Chumvi amepunguza, chakula kimekuwa kama cha wagonjwa, baba anatia yake chini ya meza.

La pili ni wale bata bukini wa mama mwenye nyumba. Aliwanunua mwaka jana walinde uwanja baada ya wezi kuiba nguo kwenye kamba. Mchana wanafungiwa nyuma. Jioni wanaachiwa, na wanakaa palepale njia ya chooni. Yule dume tunamwita Askari. Alinishika hapa nyuma ya mguu, mjomba, akanisokota, alama ilikaa mpaka ikawa ya njano. Wenzangu wanacheka kwamba mtu mrefu kama mimi anaogopa bata. Basi mimi nikishatoka shule siendi tena chooni mpaka asubuhi. Najizuia. Jioni sinywi maji. Mama akisema nenda, natoka, nasimama nyuma ya mlango, nahesabu mpaka hamsini, narudi namwambia nimekwenda. Usimwambie. Nakuuliza tu kama unajua dawa ya kumfanya bata asiume, maana wewe ni mtu wa dawa.

La tatu. Nilisikia mama na baba wanazungumza wakidhani nimelala. Mama alisema "kama dada." Mimi najua dada ni mama mkubwa niliyerithi sikio lake, na najua hayupo. Mjomba, mimi nitakufa kama mama mkubwa? Nimekuuliza wewe kwa sababu wewe huwezi kulia kwenye barua.

Mpwa wako,
Mlingoti


Machimboni, 21 Machi

Mlingoti, mpwa wangu mrefu,

Marahaba. Umekosea. Mtu anaweza kulia kwenye barua, ila karatasi ikikauka haionekani.

Nakujibu kwa kurudi nyuma, naanza na la tatu, kwa kuwa uliliweka mwisho lakini ndilo lililokufanya uandike.

Sijui. Ningekuambia hapana ungefurahi, lakini wewe umeniuliza kama mtu mzima na nitakujibu hivyo. Ninachokijua ni hiki. Mama yako mkubwa alikuwa na figo zinazovuja mchana na usiku, amesimama, amelala, daima. Alivimba uso, akavimba miguu, mkojo wake ulifanya povu kama sabuni. Nilikuwa mkubwa kukuzidi kidogo, na nilikuwa nikiubeba mkojo ule kuumwaga, nikiutazama nisielewe. Wewe huna hata kimoja kati ya hayo. Ulicho nacho ni protini kidogo kwenye mkojo, na hakuna aliyejua inatoka wapi. Mpaka ulipoandika habari za bata.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna watoto, hasa wa umri wako, hasa warefu wembamba waliorefuka kwa haraka, ambao figo zao zina tabia moja ya ajabu. Wakilala, hazivuji hata chembe. Wakisimama, zinavuja kidogo. Wakilala tena, zinaacha. Ni kusimama tu. Wataalamu wanadhani kuna mshipa unaobanwa mtoto anapokuwa wima, lakini hata wao hawajamaliza kubishana. Watoto hao si wagonjwa, na wengi wao tabia hiyo inaisha wakikua. Mimi nilipofundishwa jambo hili sikulala. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mwili ni mmoja tu, kumbe mtu aliyelala na mtu aliyesimama si sawasawa kwa ndani. Damu inajua, figo zinajua, na mwenyewe hajui lolote, anaota.

Ndiyo maana daktari anataka mkojo wa mtu aliyetoka kulala. Lakini mkojo haupimwi unapotengenezwa, unapimwa unapotoka. Kibofu kinahifadhi. Wewe ukijizuia tangu jioni, ukaosha vyombo umesimama, ukaruka kamba, ukahesabu hamsini nyuma ya mlango umesimama wima, mkojo wote wa kusimama unakaa humo ndani. Usiku unaongezewa ule wa kulala. Asubuhi unamwaga vyote pamoja kwenye chupa ya mama yako, na daktari anaamini ni wa kulala peke yake.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Nasema huenda, na hatutajua mpaka upimwe vizuri.

Kwa hiyo la pili: mwambie mama. Sema wewe mwenyewe, mdomo wako, siku hiyo hiyo utakayosoma hii. Sitakusemea, lakini usiposema nitasema. Hii si siri yako na Askari tena.

Na la kwanza: mama akikubonyeza miguu, mwache. Au fumbua macho umwambie, "Mama, niko macho." Nadhani hataona aibu.

Bata haumi mtu mwenye ufagio mkononi. Hiyo ndiyo dawa pekee niliyo nayo.

Mjomba wako


Machimboni, 21 Machi

Mdogo wangu,

Nisamehe kimya. Kila nilipoanza kuandika ilitoka faraja ya kununua dukani, na wewe ungeitambua kabla ya kufungua bahasha.

Leo naandika kwa ufupi. Mtoto wako atakuambia jambo. Usimchape, usimfokee, na usicheke mbele yake, ingawa hili la mwisho sikuwekei dhamana. Akishakuambia, nenda naye kwa daktari, na yeye mwenyewe amweleze kama alivyokueleza wewe.

Kisha tafuta ndoo yenye mfuniko, uiweke chumbani kwake, hatua moja kutoka kitandani.

Sikuahidi kitu. Nikikuahidi halafu isiwe, hutanisoma tena. Lakini jana nilifanya kazi siku nzima nikipiga mluzi, mpaka muuguzi akaniuliza nimeongezwa mshahara.

Kaka yako


Nyumbani, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesema.

Nilisema haraka haraka nikiwa nimeshika mlango ili nikimbie. Mama akaacha kushona. Akasema, "Bata?" Nikasema, "Bata." Akasema, "Miezi yote hii?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza ninasimama upande gani wa mlango, nikamwonyesha, akaja akasimama pale pale nyuma ya mlango peke yake. Nilidhani anatafuta fimbo. Kumbe anacheka, halafu akawa analia, halafu vyote viwili, nikashindwa kujua nimpe leso au nikimbie. Baba akaingia na miwani yake ya kuchomelea akidhani kuna msiba.

Kwa daktari nilieleza mwenyewe mpaka mahali pa Askari na mguu. Daktari alicheka, akafuta machozi, akatafuta miwani, ipo shingoni. Halafu hakucheka tena. Alimtazama mama akasema, "Tusiandike barua ya hospitali kubwa kwanza. Nileteeni chupa mbili." Moja ya kukojoa kabla sijasimama sawasawa asubuhi, na kabla ya kulala niwe nimemaliza yote. Nyingine ya jioni nikitoka shule, nimekimbia, nimesimama, nimefanya vurugu zangu zote. Nimeambiwa nifanye vurugu kwa amri ya daktari! Mama amekubali.

Ndoo ipo. Inalia nikiitumia, baba anasikia, tumekubaliana asiseme kitu.

Jana mama aliponibonyeza miguu nilimwambia niko macho. Alishtuka. Nikamwuliza kama mimi ninaumwa ugonjwa wa mama mkubwa, akasema hajui lakini wanatafuta. Akakaa pale kitandani akanieleza habari zake, jinsi alivyokuwa anaimba vibaya kanisani mpaka padri akamwomba apige makofi tu. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa mchekeshaji. Siku zote anatajwa kwa huzuni tu.

Chupa tutapeleka wiki ijayo. Mjomba, ukiwa unasali, sali kwa ile ya asubuhi.

Mlingoti


Nyumbani, 11 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Mkojo wa asubuhi hauna kitu.

Nimeliandika mwanzo ili usisome barua yote roho ikiwa juu. Hauna kitu, kaka. Hauna hata chembe.

Sasa nikueleze nilivyoona, kwa sababu nimeona kwa macho yangu na bado sijarudi vizuri duniani. Kile kijiti kilibaki na rangi yake ya njano, na mimi nikakikataa. Nilikwishazoea kijani. Nikamwambia daktari labda kijiti kimeharibika. Hakukasirika. Alinichukua mimi na Mlingoti mpaka maabara yao, chumba kidogo chenye sinki na dirisha moja, akamwomba yule kijana wa pale atuonyeshe kwa njia ya zamani, ya moto.

Bila shaka wewe umefanya jambo hili mpaka umelichoka. Mimi sijawahi kuliona. Alimimina mkojo wa jioni kwenye mrija mwembamba wa kioo, akaushika kwa koleo, akaupasha moto sehemu ya juu tu. Ulikuwa safi kama maji ya kisima. Tukatazama. Mara pale juu pakaanza kuwa na ukungu. Kaka, kitu cheupe kilitokea mahali ambapo hapakuwa na kitu, vile yai linavyogeuka kwenye sufuria. Akatia matone ya siki, akasema kama ni chumvichumvi za kawaida weupe utaondoka. Haukuondoka. Akasema, "Hiyo ndiyo protini." Miezi yote nimeiogopa, na ndiyo siku ya kwanza tunaonana.

Kisha akachukua mkojo wa asubuhi. Mrija wa namna ile ile, moto ule ule, mkono ule ule. Ukachemka pale juu. Mlingoti alinishika kiuno. Tulingoja ukungu, na kijana akaendelea kupasha, na mimi nikawa nausukuma moyoni mwangu, usije, usije. Haukuja. Ulichemka na kubaki safi, nikaona dirisha kupitia ndani yake, na mti wa nje, na mtu anayepita na baiskeli.

Akaiweka mirija yote miwili pamoja kwenye kibao. Mmoja una wingu, mmoja hauna. Mtoto mmoja, damu moja, figo zile zile, na kilichopita katikati ni kulala na kuamka. Hata daktari, ambaye nadhani ameyaona haya mara nyingi, alisimama tu akatazama na sisi. Mlingoti aliinama mpaka pua ikakaribia kibao. Alisema, "Kwa hiyo mimi nikilala, huko ndani wanafunga mlango?" Daktari akamjibu, "Wanafunga, na hatujui vizuri nani anaufunga."

Nimemzaa huyu mtoto. Nimemwogesha, nimempima mabega na kiuno kila mwaka kwa futi yangu hii ya kitambaa, nilidhani hakuna inchi yake nisiyoijua. Kumbe ndani yake kuna kitu kinachojua kama amesimama au amelala, kinafanya kazi yake gizani bila kuniomba ruhusa wala ushauri, tangu siku aliyozaliwa. Nami pia ninacho. Na wewe. Nilirudi nyumbani nikikanyaga chini polepole kama mtu aliyebeba maji ya watu.

Daktari amesema atapimwa tena mara moja ili kuwa na hakika, kisha kila mwaka. Chumvi turudishe kwa kiasi, baba yake ameishangilia hiyo kuliko habari zote. Safari ya hospitali kubwa haipo. Nilimwuliza mara tatu, akajibu mara tatu bila kuchoka. Ya nne nilimwuliza habari za dada, kama tungejua wakati ule. Alifikiri, akasema pengine, na pengine hapana. Alinijibu kwa heshima, na nimeridhika naye. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje nikamlilia dada yangu, si kwa hofu safari hii. Nilimlilia yeye mwenyewe, na kelele zake.

Nina jambo moja la kukuambia, sijamwambia mtu. Mwezi wa pili nilimshonea Mlingoti sare mpya ya shule. Alipoivaa akasema, "Mama, hii haina pa kushushia." Nikatazama, na kweli. Mimi ninayemwachia pindo kila mtoto wa mtaa huu, wangu nilimkatia palepale alipoishia. Sikukusudia. Mkono ulikata hivyo wenyewe. Nikamdanganya kwamba kitambaa kilikwisha, na usiku nikakikuta kipande kilichobaki, kikubwa, kimekunjwa vizuri na mikono yangu mwenyewe.

Jana nimemkatia nyingine. Nimeiachia pindo la kiganja kizima, nikalikunja mara mbili. Amelalamika kwamba ni zito, linampiga miguuni akikimbia, na wenzake watamcheka. Nimemwambia atalivaa hivyo hivyo.

Mdogo wako